Viti vya Mlingoti

Mume wangu hutengeneza viti. Nasema kwa kifupi kwa sababu yeye akianza kueleza, mchana huisha. Kwanza atakuonyesha mkono wake wa kulia, kisha atakuonyesha kiti, kisha atakuomba ukitikise. Utakitikisa, nacho hakitatikisika. Halafu atakuomba ukipige teke. Nimeshuhudia kwa macho yangu mgeni aliyetuletea habari ya msiba akiombwa apige kiti teke kabla hajapewa hata maji ya kunywa.

Mtaani wanamwita Mlingoti kwa urefu wake. Akiingia mlangoni huinama. Akiingia kwenye mabishano hainami hata kidogo.

Karakana yake iko nyuma ya nyumba, chumba cha mabati chenye meza moja ya kazi, randa tatu, na vumbi la mbao ambalo nimelila kwa miaka kumi na minane ya ndoa. Ukutani, juu ya misumeno, kuna kijiti kinachoning'inia kwenye msumari wake peke yake. Kijiti hicho kina jina. Kinaitwa Hakimu, na ndicho kilichoamua urefu wa kila kiti kilichotoka mle ndani. Fundi mzee aliyemfundisha kazi alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba kiti hupimwa kwa mguu wa mtu, kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, wala si kwa futi kamba. Mume wangu akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Siku aliyohitimu alisimamisha kijiti kando ya mguu, akapiga alama, akakata. Mguu wa nani? Swali hilo lilikaa miaka ishirini bila kuulizwa. Mguu uliokuwa karibu ulikuwa wa kwake.

"Hakimu hasemi uongo," huwaambia wateja, na wateja hutikisa vichwa kwa heshima.

Sasa, mwenye haki apewe haki yake: viti ni vizuri. Vimenyooka, vinang'aa, na maegemeo yake ni ya kumtoa mtu machozi. Watu walivisifu sana, na wote walivisifu wakiwa wamesimama. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Fundi wangu akisifiwa aliongeza vanishi. Baadaye nilikuja kuona majumbani mwa wateja kwamba viti vya Mlingoti vimebeba televisheni, nguo zilizokunjwa, sanduku la nyaraka na chungu cha maua. Sikuona hata kimoja kilichombeba mtu.

Sisi tulikuwa navyo sita sebuleni, vikiizunguka meza aliyoitengeneza ilingane navyo. Mimi kazi yangu ni kwa dobi. Napiga pasi mashati ya watu nikiwa nimesimama tangu asubuhi hadi saa kumi, na nikirudi nyumbani hamu yangu yote ni kukaa na kuweka nyayo chini. Badala yake nilikuwa napanda kitini, nachomeka visigino kwenye ubao wa chini unaounganisha miguu ya kiti, nakaa hapo kama kuku juu ya kamba. Binti yetu, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, aliining'iniza miguu yake na kuibembeza. Nilidhani anacheza. Kwa upande wangu niliamini tu kwamba mimi ni mfupi. Ndivyo tulivyolelewa wengi wetu: kiti kikikushinda, kosa ni la miguu yako.

Na sasa mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mwanamke mdogo wa umbo, kichwa chake kinafika usawa wa kiwiko cha mwanawe. Alikuwa akija kwetu kila Jumapili kula chakula cha mchana. Aliamkiwa, akauliza habari, akavipita viti sita vya mwanawe kama mtu anayepita foleni isiyomhusu, akaingia jikoni, akapindua ndoo ya buluu, akaikalia, sahani mapajani. Nikimwambia, "Mama, karibu mezani," alijibu, "Hapa pananitosha, mwanangu." Hivyo kwa miaka kumi na miwili.

Mimi si mtoto. Mwanamke aliyekula chumvi nyingi akikaa jikoni mwa mke wa mwanawe, hakai bure. Nilijua ameketi pale kuzikagua sufuria zangu. Kwa hiyo Jumamosi zangu zote ziliishia kwenye sufuria. Nilizisugua kwa ndani hadi unaweza kuchana nywele kwa kujiangalia humo. Nilipika nikiwa nimempa mgongo ili asione ninaweka nini, na nikimaliza nilifunika mfuniko, na juu ya mfuniko nikaweka sahani, kana kwamba naficha siri ya serikali. Alipotikisa kichwa nilijua ni kwa ajili ya mchuzi. Alipotabasamu nilijua ananicheka.

Mume wangu naye alikuwa na maelezo yake. "Mama anavidharau viti vyangu," alisema. "Mzazi wangu mwenyewe, anakalia plastiki! Ndoo ya kiwandani!" Akanuna hadi Jumatatu. Kwa hiyo tulikuwa watu wazima wawili tulionunia ndoo moja, kila mmoja kwa sababu yake, na hakuna aliyewahi kumuuliza aliyeikalia.

Mwaka huu mwenye nyumba anayempangisha mama mkwe alitaka kuibomoa nyumba ajenge nyingine. Mama akawa hana budi kuhamia kwa mmoja wa watoto wake: kwetu, au kwa wifi yangu. Mume wangu hakuona kama kuna la kuamua. Yeye ndiye mwana wa kwanza. Alipaka rangi chumba kidogo, akaweka kitanda alichokitengeneza mwenyewe, na pembeni ya dirisha akaweka kiti kipya chenye maua yaliyochongwa kwenye egemeo. Alichonga yale maua kwa wiki tatu. Sijawahi kumwona akichonga kitu kwa upole namna ile.

Mama akaja, akakitazama chumba, akashukuru sana. Kisha akasema, "Lakini nitakwenda kwa dada yako."

"Kwa dada? Ana nini yeye?"

Mama alifikiri kidogo. "Ana sofa," akasema.

Lazima nilieleze sofa hilo. Ni la dukani, limebonyea katikati, na ukilikalia magoti yanakutana na kidevu. Mume wangu hulizungumzia kama watu wengine wanavyozungumzia ulevi. "Lina sponji ndani," huniambia kwa sauti ya chini, mtoto asisikie.

Siku ile hakubishana. Nilimkuta karakanani akipiga randa ubao mmoja, anaupiga tu, hadi ukawa mwembamba kama karatasi na hauna kazi tena. Aliumia. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshavuta pumzi ya nafuu kwa ajili ya sufuria zangu, lakini nilipomwona pale, na urefu wake wote umekunjamana juu ya ubao ule, niliona haya. Alitaka jambo moja tu: mama yake azeekee nyumbani kwake. Na mama alikuwa amechagua sponji.

Siku ya kuhama ilipangwa kuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siku kumi kabla yake, ubao wa dari la sebule ukalegea. Mtu wa kimo cha mume wangu angeweza kuugonga kwa kunyoosha mkono. Lakini fundi ni fundi. Akachukua kiti chake kimoja, akapanda kwa kishindo, na dari likamkuta katikati ya safari. Kichwa kikagonga ubao, ubao ukarudi mahali pake sawasawa, mume wangu akaenda chini.

Tulipomfikia alikuwa amelala na mguu umeelekea upande ambao mguu hauelekei. Alikuwa amekinyooshea kiti kidole.

"Umeona?" aliniambia, jasho likimtiririka. "Hakina hata mkwaruzo."

Hospitali walimfunga plasta kuanzia unyayo hadi pajani, wakasema wiki sita. Nyumbani tukagundua kwamba kitanda chetu nacho kilipimwa na Hakimu, na mtu mwenye mguu wa plasta hawezi kukipanda bila ngazi. Tukamtandikia godoro sebuleni, sakafuni, kando ya meza. Ndivyo Mlingoti alivyohamia duniani.

Siku ya kwanza aliona utando wa buibui chini ya dirisha akanijulisha. Nikamwambia asante, buibui huyo tunafahamiana. Siku ya pili alikuwa amegeuka chali, anatazama meza yake kwa chini. Mara akauliza kwa hasira, "Nani kaacha gundi hivi? Angalia! Imechuruzika mpaka imekauka. Na msasa haujapita huku hata mara moja!"

"Fundi mmoja hivi," nikamjibu. "Mrefu mrefu."

Siku ya tatu tulikuwa tunakula, mimi na Redio mezani, yeye godoroni na sahani kifuani. Nikasikia sauti kutoka chini.

"Mbona umekunja miguu?"

"Nimeikunja wapi?"

"Umeipandisha juu ya ubao."

"Ndipo inapokaa."

"Tangu lini?"

"Tangu tuoane."

Nilimwona anageuza shingo, anatazama miguu ya Redio inavyopeperuka kama nguo zilizoanikwa. Akaitazama yangu tena. Ubao ule ulikuwa umelika katikati kwa visigino vyangu, vanishi imekwisha, mbao imeonekana. Akafikiri sana, na mwisho akatoa hukumu.

"Mmezoea vibaya," alisema, akaendelea kula.

Jumapili mama mkwe alikuja kumtazama mgonjwa. Sasa angefanyaje? Mgonjwa yuko sebuleni, huwezi kumjulia hali ukiwa jikoni juu ya ndoo. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili akavuta kiti. Akashika meza kwa mkono mmoja, akajiinua kidogo kidogo hadi akafika. Nilikuwa mlangoni mwa jikoni na kikombe cha chai, nikasema moyoni, haya, leo amekubali kuvunja mgomo.

Wakaongea habari za mguu. Wakaongea habari za Jumamosi: wifi yangu ataleta gari dogo la mizigo, vitu si vingi, sanduku, godoro, cherehani. Mume wangu alikuwa anaitikia, "Ndiyo, Mama, ndiyo, Mama," lakini macho yake hayakuwa usoni mwa mama. Yasingeweza kuwa huko, kutoka alipolala uso ulikuwa mbali. Mbele ya pua yake kulikuwa na miguu ya mama yake.

Ilikuwa inaning'inia. Ukingo wa kiti ulikuwa umeibana nyuma ya magoti, na kadiri mazungumzo yalivyoendelea ndivyo ilivyozidi kuvimba, hadi mikanda ya ndala ikazama kwenye nyama. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kinashuka taratibu, kinatafuta sakafu, hakiipati, kinapanda. Kisha kinajaribu tena. Juu huku mama alikuwa anatabasamu, anauliza kama dawa zinampa usingizi. Ndala moja ikaanguka.

Mume wangu akaiokota. Akajaribu kumvisha, akaushika ule mguu mkononi, akaganda.

"Mama, miguu yako haifiki chini."

"Inafika."

"Inafika wapi, Mama? Mimi naiona."

"Inafika nikishuka, mwanangu."

Nikaweka kikombe chini.

"Ndiyo maana unakaa kwenye ndoo?" akauliza.

"Ndoo ni ya kimo changu."

"Miaka yote hii? Na hukuniambia?"

Mama alikifuta kiti kwa mkono, pale pembeni, kama anayefuta vumbi ambalo halikuwepo. "Kiti cha kwanza ulichotengeneza maishani uliniletea mimi," alisema. "Ulikuja nacho kichwani, shati limelowa. Ukanisimamia uone ninavyokikalia. Ungetaka nikuambie nini? Nilikikalia mpaka ulipoondoka." Akashuka, akavaa ndala yake, akashika kichwa cha mwanawe kama anayepima homa. "Pona haraka. Jumamosi nitapita kuwaaga."

Alipotoka, mume wangu aligeukia ukuta. Nilijitia kuosha vyombo.

Jumatatu asubuhi, kabla sijaenda kazini, aliniita. "Nipe Hakimu."

Nikaleta kijiti. Akakiweka kando ya mguu wake mzima: kikalingana sawasawa. Akaniambia nisimame karibu na godoro, akakiweka kando ya wangu. Kikavuka goti, kikaendelea na safari.

"Miaka ishirini," alisema, "nimejitengenezea viti mimi mwenyewe."

"Na huvikalii ila wakati wa kula," nikamkumbusha, maana kazi yake ni ya kusimama kama yangu. Ningeweza kunyamaza, lakini deni la visigino vyangu ni la miaka kumi na minane.

Akasema, "Lete ndoo."

Akaipindua ile ndoo ya buluu, akaisimamishia Hakimu ubavuni, akapiga alama kwa penseli pale ndoo ilipoishia, akaomba msumeno. Akamkata Hakimu. Kile kipande kilichodondoka kilikuwa kirefu kuliko kiganja changu. Kisha akavuta kiti cha kwanza, akakilaza kando ya godoro, akaanza.

Wiki ile ndiyo iliyonifundisha kwamba fundi aliyelala ndiye anayefaa kukata miguu ya viti, kwa sababu macho yake yapo panapostahili. Viti sita, na kile cha maua kilichokuwa chumbani, vikawa saba. Miguu ishirini na minane. Redio aliihesabu kwa sauti, na jirani wa ukuta wa pili akaja kuuliza kama tunahama. Jumatano jioni viti vilikuwa tayari, tukakaa kula, tukagundua kwamba hakuna aliyeikumbuka meza. Tulikula pua zikiwa usawa wa sahani, kama watu wanaochungulia dirishani. Alhamisi tukaipindua meza. Alikata miguu miwili, mimi nikakata miwili asiyoifikia. Hadi leo meza inayumba upande wangu, na hadi leo nakumbushwa.

Hakumpigia mama simu. Nilimwambia ampigie, akasema kitu cha namna hiyo hakisemwi kwa simu. Nilijua anaogopa.

Jumamosi gari la mizigo likasimama nje, wifi yangu mbele kando ya dereva, ameshika kioo, anapaka rangi ya midomo. Mama akaingia peke yake na mkoba wake. Akatusalimu. Kisha akasimama katikati ya sebule.

"Viti vimepatwa na nini?"

"Vimeshuka, Mama," alisema mume wangu kutoka godoroni.

Akakivuta kile kilichokuwa karibu na mwanawe. Hakushika meza. Alikaa tu, kama mtu anavyokaa. Nyayo zake zote mbili zikatua sakafuni. Akazitazama. Akavua ndala, akaziweka kando, akazirudisha nyayo chini tupu, akachezesha vidole. Mume wangu alikuwa anatazama vidole vile kama mtu anayesomewa matokeo ya mtihani. Nje honi ikapigwa mara mbili.

Wifi yangu akaingia. "Mama, twende, dereva analalamika."

"Mwambie ashushe."

"Ashushe nini?"

"Vitu vyangu."

"Na sofa, Mama?"

"Sofa nitakuja kulisalimia."

Wifi yangu hajazungumza nami tangu siku hiyo, pumziko ambalo naendelea kulifurahia.

Mume wangu alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, jambo ambalo halimpendezi mtu mrefu akiwa amelala. Nikawaacha, nikaingia jikoni kupakua chakula. Nilikuwa nimechoka kwa wiki ile yote, miguu inawaka, na ndoo ilikuwa pale pale, imepinduliwa. Nikaikalia nivute pumzi.

Sikuwahi kuikalia kabla. Niliinua macho kuzitazama sufuria zangu. Sikuziona. Niliona matako yake tu, masizi matupu, sehemu pekee ambayo sikuwahi kuisugua. Nikanyoosha shingo. Hata mtu mrefu kuliko mama mkwe, akikaa pale, haoni kilichomo ndani ya sufuria, wala mfuniko, wala ile sahani yangu ya kuficha siri. Kinachoonekana vizuri ni mlango. Na katikati ya mlango, meza. Na mezani hapo, kiti kimoja tu, kile anachokalia mume wangu siku zote. Vingine vimefichwa na ukuta.

Miaka kumi na miwili hakuwa anakagua sufuria zangu. Alikuwa anamtazama mwanawe akila.

Nililia, na sikuwa na kitunguu cha kusingizia. Siku hiyo aliyekuwa kwenye kile kiti ni mama mwenyewe, nyayo chini, na alikuwa amegeuza uso kuelekea jikoni.

"Mwanangu," aliita, "njoo huku tule pamoja. Chakula cha jikoni peke yako hakina ladha. Mimi nimekila, najua."

Nikaisimamisha ndoo, nikaijaza maji hadi ukingoni asije mtu akaikalia tena, nikaenda mezani.